Fulana za Kumwonea Mgonjwa

Wasomaji wangu, mwenzangu wa darasa la jioni amefariki, na tumemzika kwake Rhotia, pembeni ya shamba lake la maharage. Alikuwa mkulima mwenye pikapu iliyochoka na kasoro moja ambayo watu wa mjini hawakumsamehe: alikuwa anakuja kwako bila taarifa. Umejifunga taulo unaelekea kuoga, unasikia hodi, ndiye huyo mlangoni na kabichi mbili kubwa kama matairi ya trekta. Anakaa, anakunywa chai, anauliza habari za mgongo wako, anaondoka. Hana shida, hana kadi ya mchango. Pikapu ikikataa kuwaka, anakuja kwa miguu. Ilimchukua mke wangu miaka kuamini kwamba mtu mzima anaweza kutoka Rhotia mpaka Karatu mjini kwa ajili ya kusalimia tu.

Siku moja alitupakia twende Malambo kumpongeza mfugaji mmoja tuliyesoma naye, ambaye mkewe alikuwa amejifungua. Vumbi tulilokula njiani lingetosha kufyatua matofali ya nyumba ya vyumba vitatu. Tunafika, mwenyeji hayupo, yuko mbali na ng'ombe anafuata malisho. Tukamkuta mama yake, mkewe na kichanga. "Mngepiga simu, wanangu," mama akalalamika, "tungechinja." Marehemu akamjibu kwa kumwita mama kwa Kimasai, kama mwanawe anavyomwita: "Ndiyo maana sikupiga, yeyo. Ningepiga, saa hizi ungekuwa unahangaika na mbuzi. Mimi nimekuja kukuona wewe na huyu mgeni." Mama akacheka mpaka akashika mbavu, akatumiminia maziwa, tukakaa mpaka jua likapoa. Sijawahi kuona sherehe nzuri kama ile, na sherehe nimehudhuria zote zilizofanyika kaskazini mwa nchi hii, zikiwemo ambazo sikualikwa.

Kisha akaugua, na yule mwenye miguu ya kuzunguka akawa mtu wa kukaa barazani. Nilipanda bodaboda nikaenda kumwona. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Wenzetu wanakuja lini? Nataka wanikute bado naweza kukaa." Nikaipeleka habari kwenye kundi letu la simu, la wote tuliosoma pamoja, na hapo ndipo elimu yetu ilipozaa matunda: ikaundwa kamati. Mwenyekiti wetu, ambaye siku hizi anaishi Arusha na hatuachi tusahau, alisema watu wenye hadhi yetu hatuwezi kwenda kienyeji. Lazima sare. Basi ikajadiliwa fulana, bluu ya anga au bluu ya sketi za shule, kwa muda ambao nchi nyingine zingeandika katiba na kuifuta. Mmoja akapendekeza kamera ya kuruka angani, ili mgonjwa aonekane vizuri kutoka juu, kama nyumbu wa kreta. Safari ikasogezwa mbele kwa sababu mwenyekiti alikuwa na sendofu ya shemeji yake. Ikasogezwa tena kwa sababu mchapaji aliweka maandishi mgongoni, na kamati ilikuwa imepitisha kifuani.

Walikuwa wamesahau kwamba mgonjwa mwenyewe yumo kwenye kundi. Alikuwa anasoma yote. Asubuhi moja akaandika: "Jamani, njooni hata na kaptula." Mwenyekiti akamjibu: "Mgonjwa apumzike. Maandalizi atuachie sisi." Vidole gumba vya kumuunga mkono mwenyekiti vikamiminika kama mvua ya masika.

Fulana zikatoka kwa mchapaji kesho yake baada ya kifo. Na kwa kuwa zilikuwa zimeshachapwa, wakazivaa msibani. Wakateremka kwenye Kosta mmoja mmoja, bluu ya anga, kifuani herufi kubwa: TUMEKUJA KUKUONA. Mjane alisimama mlangoni akakisoma kifua cha kwanza, akasoma cha pili, kama anayetafuta palipoandikwa tofauti. "Karibuni, shemeji zangu," akasema. "Viti vyenu ni vile pale ukutani. Kila Jumamosi alikuwa ananiambia nivifute." Mwenyekiti akashukuru kwa mapokezi mazuri, akakaa. Baada ya maziko akatupanga kwa urefu tupigwe picha.

Fulana yangu nimempa bodaboda wangu afutie mnyororo, nayo imefanya kazi ya maana kuliko kamati nzima. Jana kwenye kundi wamefungua mjadala wa rangi ya arobaini. Kuna wanaotaka zambarau. Nimejitoa. Jumamosi hii nakwenda Malambo kwa yeyo na kabichi mbili, na sijapiga simu. Kama mwenyeji yuko mbali na ng'ombe, shauri yake, mama yake atanipokea. Nawe msomaji wangu, kama kuna mtu amekuuliza utakuja lini, usihangaike kumjibu. Vaa viatu uende.