Siku Damu Yangu Iliponichongea

Jamani, hili nawasimulia huku uso nimeuficha kwenye khanga, maana aibu niliyoipata zahanati ya kule kwetu Gongo la Mboto haijaniisha.

Mie nina kisukari, mwaka wa nne huu, na kwa kuwa nilikuwaga mwalimu nilijiona mjanja: zikibaki siku nne kwenda kliniki nakula mchicha na matango kama sungura, wananitoboa kidole, sukari iko chini, napongezwa, narudi kwenye chai yangu ya maziwa vijiko vinne (msinicheke).

Siku hiyo kidole kikasoma vizuri hadi daktari, kijana mpole, akafurahi. "Mwalimu, hebu waambie wenzako unafanyaje."

Heri ningesingizia kikohozi. Nikasimama! Nikashika kiuno, nikawafokea wagonjwa benchi zima kuhusu nidhamu ya mdomo, nikasema kitu kitamu hata harufu yake nimeisahau. Wakapiga makofi, isipokuwa Mzee Nassoro, mwenye duka mtaani kwetu, naye mgonjwa, aliyebaki kunikodolea macho.

Mara ikaletwa karatasi ya maabara, ya damu niliyotolewa asubuhi. Daktari akaisoma, akaninong'oneza, "Mama, tukaongelee ndani."

"Ndani kuna nini? Soma kwa sauti, wote wajifunze!"

"Una uhakika?"

"Soma, mwanangu!"

Akasoma. Kumbe ni kipimo cha miezi mitatu! Akaeleza (kwa heshima, ndiyo iliyoniua) kwamba sukari ikizidi hung'ang'ania kwenye chembe nyekundu za damu, nazo huishi kama miezi mitatu hivi, kwa hiyo hazisahau ulichokula; tena ngozi yake hukakamaa, zikashindwa kujikunja kwenye mishipa midogo, na hata vimeng'enya vinavyozilinda hudhoofika. Sukari yangu ya miezi mitatu ilikuwa juu balaa.

Hapo Mzee Nassoro, bila ubaya wowote, akauliza, "Sasa Mwalimu, ile halua nusu kilo ya kila Ijumaa, si ulisema ya wageni?"

Watu walicheka hadi muuguzi akakaa chini. Nikageuka niondoke kwa hadhi yangu, nikafungua mlango, nikaingia stoo ya mifagio, na kwa aibu nikajifungia humo humo mpaka daktari alipokuja kunibembeleza.

"Mama, chembe mpya zinazaliwa kila siku," akaniambia. "Tuanze na hizo."

Nikalia kidogo, basi.

Sasa nakunywa chai ya rangi, chungu, naimeza hivyo hivyo. Watu nitawadanganya nikibanwa, binadamu ndivyo tulivyo. Ila damu yangu sirudii tena kuidanganya, haina siri hata kidogo.