Ukingo wa Mama Frimpomaa

Katika kichochoro chetu cha mafundi wa kompyuta pale Adum, mjini Kumasi, mashine ikifa kabisa huwa tunagawana kama kondoo wa sikukuu. Aliyeipokea anaifungua mezani, wengine wanasogea na bisibisi zao, kila mtu anataja fungu lake. Mmoja skrini, mmoja kibodi, mmoja feni. Mimi Oteng nilikuwa nachukua prosesa, maana nilijiona mtu wa ubongo. Mama Frimpomaa, ambaye meza yake imegusana na yangu kwa miaka kumi na moja, alikuwa anangoja tumalize, kisha anasema neno moja tu.

"Ukingo."

Yaani ule ubavu wa bodi wenye matundu ya kuchomekea waya. Hakuna mwingine aliyeutaka. Alikuwa anaukata taratibu, anausugua kwa mswaki na kuutia kwenye mojawapo ya mikebe yake ya maziwa ya unga. Alikuwa na mikebe thelathini na kitu. Ufundi alijifunza kwa marehemu mumewe aliyekuwa fundi redio, na mume alipoondoka alikalia kiti chake kesho yake baada ya matanga, akavaa miwani ya mume wake, akaendelea na redio iliyokuwa wazi mezani. Redio zilipopungua akahamia kompyuta. Hakuna aliyemfundisha. Alifungua, akatazama, akafunga.

Mimi kichochoroni waliniita Nabii. Kila asubuhi tukila waakye, wali wetu wa kunde, nilikuwa natabiri.

"Miaka kumi haifiki," nawaambia, "kompyuta itakuwa haina tundu hata moja. Umeme itavuta hewani, picha itarusha hewani. Prosesa, memori na hifadhi vitakuwa kipande kimoja, ghorofa juu ya ghorofa, ukubwa wa ukucha huu."

"Na ikiharibika unaifungulia wapi?" Mama anauliza bila kuinua uso kwenye sahani.

"Haitafunguliwa, Mama. Haitaharibika."

"Basi hiyo si kompyuta, ni malaika. Kula, wali unapoa."

Ntim, fundi wa meza ya tatu, mchokozi kuliko wote, hakuwa anaacha hapo. "Mama, na wewe tuambie ya kwako ya kesho ikoje."

"Ya kwangu inafunguka kwa bisibisi moja. Ubavu wa matundu unachomoka kama droo. Unataka matundu ya zamani, unatia ya zamani. Unataka ya kesho, unatia ya kesho. Na prosesa inakaa kwenye kiti chake kama mtu mwenye adabu, siyo kugandishwa."

"Nani atakutengenezea?"

"Kwani ya Nabii anatengeneza nani? Nyie mnaota, na mimi naota. Ndoto hazina kodi."

Tulicheka mpaka mwenye waakye akatufukuza.

Binti yangu Dufie hakuwa anasikia vicheko hivyo. Alizaliwa akisikia kidogo mno, na alipofika miaka saba kilichobaki kilikuwa kama mtu anayeongea nyuma ya ukuta. Akitoka shule alikaa katikati ya meza zetu mbili akichora. Mimi baba yake nikitaka anitazame nilikuwa napunga mikono kama ninayefukuza kuku. Mama Frimpomaa alikuwa anagonga meza mara mbili kwa kifundo cha kidole, ko ko, mtoto anasikia kwa viganja vyake na kuinua uso. Miaka yote hiyo halikunijia wazo dogo kama hilo.

Sasa nisikilizeni ujinga wangu. Mwezi wa pili nilikishawishi kichochoro kizima. Nikasema matundu ya zamani yamekufa, tufanye usafi. Mashine zote nene za enzi zile tukapakia kwenye mikokoteni, zikaenda kwa wayeyusha chuma wa Suame. Watu walinifuata, si mimi ndiye Nabii? Mama peke yake alikataa. Alikuwa na mashine moja aliyoifunga kwenye kitenge chini ya meza, akaikalia kabisa, mikono kifuani.

"Mama, unalalia maiti," nikamwambia mbele za watu.

Tangu siku hiyo hakusema nami tena. Tulikaa wiki tisa meza zikigusana, salamu hakuna.

Mwezi wa nne Dufie akapata vifaa vya kusikia, zawadi ya watu wa kanisa la mke wangu. Vipya, viwili, kwenye kisanduku. Lakini vifaa hivyo havivaliwi hivihivi kama miwani ya barabarani. Lazima mtaalamu avipime na kuvirekebisha kwa sikio la mwenyewe. Mtaalamu wetu, Bwana Awuni, huja Kumasi mara moja kila miezi mitatu, siku mbili tu. Siku ya kwanza, tukiwa kwenye foleni, umeme ukakatika, ukarudi kwa kishindo, na kompyuta ya kliniki ikatoa moshi.

Nikajitokeza na kifua mbele. "Mimi fundi. Nitaleta nyingine sasa hivi."

Bwana Awuni akanionyesha kisanduku chake cha kurekebishia. Waya wake ulikuwa na kichwa kipana cha pini tisa. "Iwe na tundu la hii, bwana. Kichwa cha kuunganishia na matundu mapya nimejaribu, kinakataa. Kesho saa sita naondoka."

Nilizunguka Adum nzima. Nilinunua vichwa vitatu vya kuunganishia, kisanduku kikavikataa vyote. Nilikwenda hadi Suame, wakanionyesha rundo la plastiki iliyoungua. Mashine zenye tundu hilo zilikuwepo kichochoroni kwetu, kumi na saba, na nilizitoa mimi kwa mdomo wangu. Mwanangu angengoja miezi mitatu mingine, na muhula mpya wa shule ulikuwa unaanza Jumatatu.

Nilirudi mezani alasiri nikakaa, nikashindwa kugeuka upande wa Mama. Ni yeye aliyegeuka.

"Tundu gani?"

"Pini tisa, Mama."

Akainama, akavuta kitenge. Akafungua ile mashine, akaliangalia tundu lake, akasonya. Pini mbili zilikuwa zimekatika. Mimi nikashika kichwa.

"Shika chuma cha kulehemu, siyo kichwa," akasema.

Akashusha mkebe wa nne, akamimina mezani zile kingo tulizomtupia miaka yote. Alichagua kama anayechambua mchele. Aliouchagua niliutambua kwa alama ya rangi yangu: ulitoka kwenye mashine niliyoifungua mimi, siku niliyojichukulia prosesa yangu. Ile prosesa sijui iko wapi leo. Nilipasha moto, yeye akashika kwa koleo, tukalihamishia tundu lake kwenye ile mashine. Hakunisimanga. Afadhali angenisimanga.

Kesho yake saa nne asubuhi, kule kliniki, Bwana Awuni akachomeka waya wake. Taa ya kisanduku ikawaka kijani. Akamvika Dufie, akabonyeza, akasubiri. Mtoto akakunja uso, akatazama huku na huku, halafu akanyoosha kidole darini.

"Baba," akasema, "feni inaongea."

Kwetu shukrani ya papo hapo haitoshi. Aliyetendewa wema analala nayo, kesho yake alfajiri anarudi na watu wake kushukuru upya. Kwa hiyo tulikwenda kichochoroni kabla maduka hayajafunguliwa, mimi, mke wangu, Dufie, na shangazi yangu Gyamfua awe msemaji wetu. Tulibeba trei ya mayai na viazi vikuu vitatu. Mama alikuwa ameshafika, miwani puani.

"Oteng, jana si ulishukuru?"

"Jana ilikuwa ya mdomo, dada yangu," shangazi akajibu. "Leo tumeileta kwa miguu." Akasema yote kama inavyotakiwa, kisha akanisukuma mbele.

Nikasema mbele ya Ntim na wenzake waliokuwa wanafungua milango. "Nilimwambia Mama analalia maiti. Alikuwa anamlindia mwanangu. Mama, nisamehe. Na utabiri wangu naufuta."

"Usiufute wote," Mama akasema. "Ile ya ghorofa juu ya ghorofa niliipenda. Ila uiwekee droo."

Watu wakacheka. Akapokea mayai, akarudi kwenye kazi yake, akatugeuzia mgongo. Kidogo akahitaji kitu. Nikaona mkono wake ukinyanyuka, kifundo cha kidole juu ya meza, tayari kugonga. Ukasimama hapohapo. Akaushusha mapajani, na bila kugeuka, kwa sauti ya kawaida ya mtu anayeongea na mtu, akaita.

"Dufie."

"Abee, Mama."

Nililia mbele ya kichochoro kizima.

"Niletee mkebe wa nne," Mama akasema, na mtoto akaenda kuuleta.