Haijakukaa, Mama

Jina lake halisi kazini walishalisahau. Wanamwita Milimita, kwa kuwa anapima kila kitu na habahatishi. Kazi yake ni kukaa mbele ya kioo cha kompyuta katika chumba cha moyo, wakati daktari anapozibua mshipa wa mgonjwa na kuutia stenti, kile kibomba cha wavu wa chuma kinachouzuia usizibe tena. Kisha unapitishwa waya mwembamba wenye jicho kichwani, unavutwa polepole, na mshipa unaonekana kutoka ndani. Hapo Milimita hupima. Wavu umefunguka vya kutosha? Umegusa ukuta kote? Akiridhika husema neno moja tu, "Imekaa," na daktari anavua glavu. Asiposema, daktari anarudisha puto la kupanulia, hata kama ana njaa na amenuna. Kwa miaka kumi na moja ya kazi hiyo, akiitazama picha anajua ni nani atakayerudi kabla ya mwaka kwisha, na mara chache sana hukosea.

Neno lenyewe alilichukua kwa mama yake, fundi cherehani. Kwa fundi, nguo ama imekukaa ama haijakukaa, na isipokukaa inafumuliwa, hakuna cha kubembelezana. Mama anaishi peke yake, mbali, safari ya kutwa nzima. Na kumtembelea? Usiniulize. Wanaojua kuisoma ile mashine ni wawili tu, na kila Milimita akiomba likizo, ama mwenzake anaugua ama wagonjwa wanafurika. Miaka yote hiyo alikwenda mara nne, siku mbili mbili. Alimkumbuka mama yake mpaka ikawa inamuuma. Kuna siku alisikia mlio wa cherehani katika duka la watu, akasimama mlangoni hadi mwenye duka akamuuliza kulikoni.

Basi mwaka huu mama akabanwa kifua, akawekewa stenti katika hospitali ya huko kwao. Alimficha binti yake mpaka yakaisha, asimharibie kazi. Kisha akamtumia diski ya picha za ndani ya mshipa, kwa majivuno kabisa, naye aone mama yake alivyotengenezwa.

Milimita aliiweka kwenye mashine saa ya chakula. Mwanzo wote safi. Halafu akafika mahali ambapo ukuta wa mshipa ulikuwa umeganda chokaa, na pale wavu ulikuwa umebanwa kiunoni. Akapima mara tatu. Milimita tatu na nusu za mraba, na kazini kwao, chini ya tano, hawamruhusu mtu kushuka mezani. Angekuwa mgonjwa mwingine, angesema huyu atarudi, tena mapema. Chakula akakiacha pale pale.

Akapiga simu. Alieleza chokaa, akaeleza puto, akaeleza milimita, na mama akawa anaitikia tu "ehe, ehe" huku cherehani ikiendelea kunguruma. Mwishowe akaongea kwa lugha ya nyumbani.

"Haijakukaa, mama."

Cherehani ikanyamaza.

"Inafumuliwa?"

"Haifumuliwi. Inapanuliwa kwa ndani. Lakini uje huku, nisimamie mwenyewe."

Mama akasema yeye hajambo, analala, anaamka, na ana nguo za watu hazijaisha. Anayemtaka na amfuate. Basi Milimita, ambaye hajawahi kumpandishia sauti mkubwa wake wa kazi, aliingia ofisini akatangaza kwamba kesho anaondoka, na mashine ikikosa msomaji, na ikose. Siku ya tatu akarudi na mama, aliyelalamika njia nzima.

Daktari alipuliza puto gumu mara mbili. Milimita akapima: nne na robo. Wote walikuwa wamechoka, na daktari akamtazama kwa matumaini.

"Bado," akasema.

Mara ya tatu wavu ukafunguka. Tano na nusu, umegusa ukuta kote. Milimita akalia waziwazi mbele ya wenzake, wala hakuona haya.

Mama alikaa kwake siku nane. Alikata mapazia yaliyokuwa yanaburuzika chini, akaicheka mishono ya sare yake, akamlisha kama mtoto wa shule. Kila jioni Milimita alikuta taa inawaka ndani na mtu anamuuliza mbona amechelewa, na moyo wake ukajaa.

Asubuhi ya kuondoka, mama akipanga mkoba, Milimita alimwambia kwa furaha kwamba sasa hana wasiwasi naye tena. Picha ni nzuri. Anaweza kwenda kuishi kwa amani.

Mama akaikunja kanga yake mara mbili, ingawa ilikuwa imeshakunjwa.

"Ile haikukaa, ukaja siku ya pili," akasema. "Hii imekaa. Sasa utakuja lini?"

 Milimita akaketi kitandani kando ya mkoba.

"Usiende, mama."

Mama akasema nguo za watu zinamngoja. Akasema na basi haliwezi kumsubiri. Kisha naye akaketi.