Neno Lililokuwa Juu ya Gunia la Sukari

Baba yangu alikuwa na duka Msambweni, kando ya barabara kuu, akiuza unga, tende, mafuta ya taa, na sukari ya kupima kwa ratili. Alikuwa amesoma chuoni mpaka akahitimu Kurani, na kwa herufi za Kiarabu aliandika kila kitu, hata Kiswahili. Kwake herufi ilikuwa amana. Ukiandika sin, utasoma sin. Mtu wa kuandika hivi na kusema vile, baba hakumwamini.

Mimi nilikuwa mmoja wa wasichana wachache walioruhusiwa kwenda skuli miaka ile ya hamsini. Mwaka tulipoanza Kiingereza, kichwa kilinivimba. Nilirudi nyumbani nikitaja kila kitu kwa Kizungu, mlango, kikombe, paka, mpaka mama akanitaka ninyamaze nimsaidie kukuna nazi.

Alasiri moja lori lilishusha magunia dukani. Juu ya kila gunia palikuwa na neno limepigwa chapa kwa wino mweusi. Baba akaniita.

"Hebu nisomee hapa, mwanangu. Tukione hicho Kiingereza chako."

Nikazitaja herufi moja moja, S, U, G, A, R, kisha nikalisema neno zima kwa sauti ya kujiamini: "Shuga."

Baba akaweka kidole juu ya herufi ya kwanza. "Hii yasemaje?"

"Sss, baba. Kama ya samaki."

"Basi hiyo shu umeitoa wapi?"

"Ndivyo mwalimu alivyotufundisha."

"Na wao Waingereza, sh hawana namna ya kuiandika?"

"Wanayo. Wanaweka S na H."

"Wanayo, na hapa hawakuiweka." Akaniangalia kwa muda, si kwa hasira, bali kama mtu aliyepewa chenji pungufu. "Lugha inayoandika jambo moja na kutamka jingine ina hila ndani yake. Kesho hutakwenda skuli."

Nilidhani ni mzaha. Usiku ule mama alimwambia, "Bwana, mtoto ndiyo kwanza ameanza," na baba akajibu kwamba kuanza si hoja. Asubuhi nilibaki jikoni nikikanda unga wa mahamri, na wenzangu walipopita nje na vibao vyao nikajificha nyuma ya pazia. Nililia mpaka nikaona haya mbele ya mdogo wangu.

Sijui nilikaa nyumbani muda gani. Kwangu ulikuwa mrefu. Kisha mwalimu akaja. Alikuwa kijana Mduruma kutoka upande wa Kinango, Mkristo, mwembamba, shati lake limefuliwa mpaka likapoteza rangi. Walimu wengi wa siku zile walitembea na fimbo hata sokoni. Yeye alikuja mikono mitupu, akasimama nje ya duka na kupiga hodi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Karibu, keti."

Mama akatoa kahawa. Mimi nilisimama ndani, nyuma ya mlango, nikisikia kila neno. Mwalimu hakuuliza kwa nini nimezuiwa mpaka kikombe cha pili. Baba akamweleza yote, kisha akasema, "Nijibu wewe uliyesoma. Kwa nini wanaandika S na kusema SH?"

Nilitaraji atasema Waingereza ndivyo walivyo, au atatumia maneno makubwa ya kumziba mzee mdomo. Yeye alikitua kikombe.

"Sijui, mzee," akasema. "Swali lako ni la haki, nami sijawahi kujiuliza. Nipe nafasi nikatafute."

Baba alishangaa waziwazi. Mwalimu alipoondoka, baba alimwambia mama, "Mwalimu mzima, na amesema hajui." Akalirudia wakati wa chakula, na sauti yake haikuwa ya dharau.

Jumamosi ile mwalimu alipanda basi la Likoni, akavuka kwa feri kwenda Mombasa, ambako alijuana na mtu mwenye kamusi kubwa, ile inayoeleza kila neno limezaliwa wapi. Jumapili jioni alikuwa dukani kwetu tena, vumbi la barabara bado liko kwenye viatu. Baba akaniambia nitoke nisikilize.

"Mzee," mwalimu akaanza, "neno hili Waingereza hawakulitunga. Walilipata kwa Wafaransa, na kabla yao Wataliana, na hao wote walilipokea kutoka kwa Waarabu. Waarabu wanasema sukkar."

Baba akanyanyua kichwa. "Sukkar?"

"Ndiyo. Nao Waarabu walilitoa kwa Waajemi, na Waajemi kwa Wahindi. Huko Uhindini, hapo kale, neno lenyewe lilikuwa na maana ya changarawe."

Baba akatia mkono katika gunia lililokuwa wazi, akateka sukari, akaiachia ipite katikati ya vidole. Ilikuwa sukari ya siku zile, chembe nene, nyekundunyekundu. "Changarawe," akasema polepole. "Wallahi, ni kweli."

"Na ile S?" nikauliza kabla sijajizuia.

Mwalimu akatabasamu. "Zamani Waingereza walisema 'syuga'. Sema haraka mara nyingi uone." Nikasema, syuga, syuga, syuga, na kweli ulimi ukateleza ukaangukia shuga. Baba naye alijaribu, kwa sauti ya chini, kisha akacheka mpaka kofia ikamwenda upande. "Sauti ilibadilika," mwalimu akaendelea, "lakini walikuwa wameshazoea kuliandika hivyo, hawakurudi kulirekebisha. Ama ile G, mzee, Wafaransa hawakuwa nayo. Imeingiaje, hata wenye kamusi hawana hakika."

"Umesema vyema," baba akajibu. "Umesema unalolijua, na usilolijua umeliacha." Kisha akanigeukia. "Kesho uende skuli. Na usichelewe."

Mama alikuwa ukumbini. Nilimsikia akimshukuru Mungu.

Nimekutana na wasomi wengi tangu hapo, wengine na vyeo virefu, lakini sijamwona mwingine aliyekwenda mwendo wa kutwa kwa ajili ya swali la mwenye duka. Wala sijawaona wazee wengi walioweza kubadili uamuzi wao mbele ya watoto wao, kwa furaha kama ile, bila kujiona wamepungukiwa. Nawahusudu wote wawili.

Wakawa marafiki. Mwalimu alikuja karibu kila Jumamosi, na baba akamfundisha herufi za Kiarabu kwa chaki juu ya ubao wa kaunta. Kwa malipo yake alitaka maneno ya Kiingereza yenye asili ya Uarabuni, na lile la pamba, cotton, lililotoka kwa qutn ya Waarabu, lilimfurahisha siku nzima. Kuzungumza Kiingereza hakujifunza kamwe.

Mwalimu alihamishwa nilipokuwa karibu kumaliza, na baba hakufungua duka siku ile mpaka adhuhuri. Mimi nikaendelea, nikapata nafasi ya chuo cha ualimu. Asubuhi ya safari baba alinibebea sanduku mpaka kituo cha basi, amevaa kanzu yake ya Ijumaa ingawa ilikuwa Jumatatu, na kila aliyemsalimu njiani alimweleza ninakokwenda.