Vijiko Nyuma ya Kihenge

Niapie kwanza, msomaji, kwamba hili halitoki hapa. Mimi mwenyewe nimemwambia mwenzangu wa Katandala tu, na mwenye mashine ya kusaga kwa kuwa alikuwa karibu.

Jirani yangu hapa Mazwi ana vijiko vya zamani, vizito. Siku hizi za ruksa, bidhaa za nje zinaingia tu, maduka yamejaa vijiko vinavyong'aa, lakini ukichotea maharage vinapinda. Basi vyake vikaanza kupungua, naye akamgeukia mke wa mwanawe.

"Vinakwenda kwenu! Kesho na wewe uvifuate."

"Mama, haki ya Mungu sijavigusa," binti akalia.

Jirani akatuita tushuhudie akipekua sanduku la binti. Tukaona kanga na rozari tu. Mara nyuma ya kihenge cha nafaka tukasikia ko, ko, ko. Tukanyatia, mimi mbele. Akina mama, mkisaka mwizi, anzeni na anayelala ubavuni mwenu! Baba mkwe alikuwa amechuchumaa, anaponda kijiko juu ya jiwe. Vingine vilishanolewa kuwa visu vidogo vya kukatia masuke ya ulezi.

"Mume wangu!" jirani akapaza sauti.

"Vilikuwa vinakaa kabatini kungoja wageni," mzee akasema. "Wageni wenyewe hawaji."

"Na mtoto wa watu namfukuza, wewe kimya!"

Mzee akatutazama sote, nyundo mkono huu, kijiko mkono ule.

"Ningesema tu," akajibu, "ulezi ukishavunwa."