Mwali Aliyetoka Wodini

Mama yangu alizaliwa milimani, juu ya Mkuyuni, katika ardhi ya ukoo wake. Baba yangu alizaliwa Mlali, akaja upande huu kwa ajili ya kuoa. Majina yao unayajua. Usiyaandike, wala usiandike jina la mtu mwingine yeyote humu. Andika tu kwamba walikuwa watu wa kazi na wa maneno machache, na kwamba waliniachia fundisho moja ambalo nusura linipokonye mtoto: jambo baya ukilitamka, umeliita. Ndugu wa mama yangu alipojiua, nami nikiwa mdogo, tulimzika asubuhi, na hadi jioni hakuna aliyemtaja tena. Nami sikumtaja miaka yote hii, mpaka sasa ninapokuambia.

Ninasema leo kwa sababu mama yako, binti yangu, anaruhusiwa Alhamisi kutoka hospitali ya mjini. Ugonjwa umemrudia, na magoti yangu hayawezi tena kupanda na kushuka kumfuata. Wewe ndiye utakayekuwa naye. Usinitazame ninavyozunguka uani. Andika.

Mara ya kwanza ulikuwa hujaanza shule. Nilikwenda kumchukua wodini, kwa wagonjwa wa akili, na muuguzi mmoja akatusindikiza hadi mlangoni. Akanivuta pembeni.

"Mama, usidhani amepona kwa kuwa ametoka. Siku hizi za mwanzo nyumbani ndizo za kumwangalia zaidi. Hapa alikuwa na watu mchana kutwa. Huko atabaki na mawazo yake. Ukiona amebadilika, muulize kama anafikiria kujiua. Muulize kwa maneno hayo hayo."

"Mwanangu, maneno hayo hayasemwi."

"Yanasemwa, mama. Kumuuliza hakumwingizii wazo kichwani. Kunampa nafasi ya kulitoa."

Nilimshukuru kwa adabu, na maneno yake nikayaacha palepale mlangoni.

Nyumbani tulimpokea kwa wali na kuku. Ukoo mzima ulikuja, ukala, ukaondoka. Kisha tukafanya kosa ambalo tuliliita heshima. Shamba lake la migomba na pilipili manga alikuwa akililima mama yako mkubwa tangu alipougua; tukasema aendelee, huyu apumzike. Jembe lake tukaliweka darini. Chakula alipelekewa chumbani. Na mimi, kwa kinywa changu, nilimtumia ujumbe mtani wetu, yule mama wa ukoo wa watani, wenye ruhusa ya kututukana bila ugomvi, anayeishi ng'ambo ya kijito, kwamba asije kumtania mgonjwa. Watu wakimfikia mama yako walishusha sauti, wakamuuliza hali, wakatazama chini, wakaaga.

Wiki ya kwanza alikaa kimya. Wiki ya pili alianza kutoa vitu. Kanga zake mbili zilizo nzuri alimpa jirani. Wewe alikupa tetea wake, ukafurahi, ukamkimbiza uwanja mzima. Sufuria akampa mama yako mkubwa akisema, "Hii itakufaa wewe." Uso wake ukatulia. Mimi nikawaambia watu: mnaona? Anapona.

Lakini miguu yangu haikukubali. Nilikuwa nikipanda shambani, na kabla sijakata hata mkungu mmoja nashuka tena mbio kuchungulia mlango wake. Nampata amekaa. Napanda tena. Nashuka tena. Siku moja nilishuka mara tatu, na mara ya tatu akaniambia, "Mama, nimewachosha. Karibuni mtapumzika." Nikajibu kwamba sijachoka, nikatoka nje, nikasimama pale kwenye mgomba nisijue mikono yangu niiweke wapi.

Ndipo mtani akaja. Hakujali ujumbe wangu. Alianza kupiga kelele akiwa bado kwenye kijito.

"Mmemficha nani humo? Nasikia mna mwali!"

"Rudi na maneno yako," nikamwambia. "Huyu anaumwa."

"Anaumwa? Haguswi, halimi, analetewa uji chumbani, wageni wanamnong'oneza. Huyo ni mwali aliyewekwa ndani! Mwali mwenye mvi! Ngoma yake lini, mtani? Au mmeshindwa kupata wa kumcheza?" Akafika mlangoni akapiga kofi ubao. "Toka nje, mwali mzee, tukuone ulivyonenepa!"

Ndani tukasikia kicheko. Kilikuwa kifupi, kisha kikageuka kilio. Mama yako akatoka, akajishika kwenye mwimo wa mlango.

"Mtani, wewe peke yako ndiye umenitukana. Hawa wengine wameshaniaga."

Mtani akanitazama mimi. Alikuwa amefungua mlango, lakini kuingia ilikuwa kazi yangu. Nikayakumbuka maneno niliyoyaacha hospitalini.

"Mwanangu, unafikiria kujiua?"

Hakushtuka. Aliketi chini kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni, akasema, "Ndiyo, mama. Kila siku. Nilikuwa nasubiri mtu aniulize."

Hatukungoja tarehe ya kurudi iliyoandikwa kwenye kadi yake ya kliniki. Mtani alikaa naye ubavuni, hakumwacha hata kwenda chooni peke yake, nami nikaita bodaboda mbili. Siku hiyohiyo tukawa mjini mbele ya daktari. Aliporudi safari ile, alirudishiwa jembe na shamba. Dawa nilizitunza mimi, nikampa mkononi kila siku. Na nilimuuliza tena, mara nyingi. Siku nyingine alisema ndiyo, siku nyingine hapana. Ubaya haukuja kwa kuitwa. Ulikuwa umekuja zamani, tukiwa tumenyamaza.

Sasa sikiliza ya kuhifadhi. Hifadhi kadi yake ya kliniki, na siku ya kurudi usiiruke hata kama anacheka. Dawa zote zikae kwako, na kila cha kudhuru kitoke ndani ya nyumba kabla ya Alhamisi. Jembe, ambalo tulilirudisha darini alipolazwa, lishushwe leo, liwekwe mlangoni pake. Asilazimishwe kulishika, ila alione ni lake. Akianza kukupa vitu, vipokee, kisha muulize hapohapo. Kama jibu ni ndiyo, usimwache peke yake, wala usibaki na siri hiyo. Mrudishe hospitali siku hiyo. Hifadhi swali langu kwa maneno yake yote, usilipambe. Liseme mbele yangu sasa, nikusikie.

Tena. Kwa sauti.

Vema. Funga daftari, uvuke kijito. Mpe mtani salamu zangu, umwambie aje Alhamisi mapema, na adabu aiache kwake.