Hujaji Aliyepangusa Kiti

Mwaka neema ya mafuta ilipoijaza Jeddah zahanati mpya, bibi mmoja hujaji kutoka Pemba alikuwa akija katika mojawapo kila asubuhi, akipangusa kiti kwa pindo la kanga ndipo akae. Wahida, aliyejitolea ukalimani ili maombi yake ya kusomea udaktari yapate uzito, humwinamia. Bibi hunong'ona, akilifinyangafinyanga lile pindo, kwamba damu imemrudia uzeeni kama ya mwari. Daktari ni mwanamume. Wahida, kwa haya, humwambia daktari kuwa ni tumbo tu. Vidonge anavyopewa bibi ni vilevile kila siku.

Siku ya kuondoka bibi alimshika mkono.

"Umemwambia yote, mjukuu wangu?"

"Yote, bibi."

"Basi Mungu akujaalie udaktari."

Dua ilikubaliwa. Mpaka leo Daktari Wahida hukipangusa kiti mwenyewe kabla mgonjwa hajakaa.